Damu inayokoma yenyewe: barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo,
Kwa wakuu wa Divisheni ya Afya, waganga wakuu wa zoni za afya na wakurugenzi wa hospitali za Lubumbashi

Waheshimiwa, hodi.

Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya cha Katuba, hapa Lubumbashi. Nawaandikia juu ya saratani ya kibofu cha mkojo, kwa sababu ya mistari mitatu iliyo kwenye daftari letu la wagonjwa, na yote mitatu ni mwandiko wangu. Wa kwanza ni wa mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza: mwanamume, miaka 58, damu katika mkojo, hana homa, hana maumivu. Dawa: siprofloksasini, siku saba. Wa pili ni wa mwezi wa tatu. Wa tatu ni wa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Jina lile lile, tatizo lile lile, dawa ile ile. Mtu huyo alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyenilipia shule ya uuguzi.

Siku ya kwanza alikuja na mkojo ndani ya chupa ya maji ya dukani, ameifunga kwa gazeti ili watu wa njiani wasione. Nilipoifungua ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshea nyama. Nikamuuliza kama anasikia moto anapokojoa. Akasema, "Hapana mama, hata haiumi." Boksi la bandeleti za kupima mkojo lilikuwa limekwisha tangu wiki mbili nyuma. Nikaandika dawa. Baada ya siku nne akapita kunishukuru: "Imeisha, mama. Sasa iko safi."

Kwa kweli ilikuwa imekoma yenyewe. Siprofloksasini haikuponya chochote, kwa sababu hapakuwa na wadudu wa kuua. Hivyo ndivyo saratani ya kibofu inavyofanya, ile ambayo watu wa hapa wanaiita kansere ya kibofu. Inatoa damu leo, inanyamaza miezi mitatu, minne, kisha inarudi. Takriban wagonjwa wanane kati ya kumi huanza na damu inayoonekana kwa macho, na mara nyingi damu hiyo haiumi hata kidogo. Kwetu, kitu kisichouma na kilichoondoka si ugonjwa. Mgonjwa anafurahi, muuguzi naye anaamini dawa imefanya kazi. Nilifundishwa mambo haya shuleni, nikayaandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini saa nne asubuhi, watu arobaini wako kwenye benchi, nusu yao watoto wenye homa, mkono unaandika ulichozoea kuandika.

Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba hakuficha, Waheshimiwa. Alikuja mara tatu.

Na kwenye ripoti ya kila mwezi inayopanda kwenye zoni, kisha kwenye Divisheni, alihesabiwa mara tatu kama maambukizi ya njia ya mkojo. Mkiwa mnasoma takwimu zetu na kuona kwamba Katuba ina maambukizi mengi na saratani karibu hakuna, mjomba wangu yumo ndani ya hesabu hiyo. Sijui niwaambie wangapi wengine wamo, maana sikuwapima.

Mwezi wa tisa damu iliganda ndani ya kibofu, mkojo ukaziba kabisa. Aliletwa hospitali usiku kwa pikipiki, mtoto wake akimshika kwa nyuma, tumbo limejaa chini ya kitovu kama ngoma. Walimwekea mpira mnene wa mkojo wenye njia tatu, wakawa wanaingiza serumu ya chumvi upande mmoja na kutoa mabonge ya damu upande wa pili. Nilikaa kando ya kitanda usiku ule wote nikibadilisha pochi, yaani mfuko wa kupokea mkojo. Kila pochi ilianza nyekundu kama udongo wa Ruashi mvua ikiuosha, na kila mara nilifikiri inayofuata itakuwa nyeupe kidogo. Serumu tulizinunua sisi wenyewe, moja moja, famasia ya nje ya lango. Ilipofika saa tisa usiku mlinzi wa famasia alikuwa ananifahamu kwa jina.

Asubuhi ekografia, yaani kipimo cha ultrasound, ikaonyesha uvimbe kwenye ukuta wa kibofu. Hapo ndipo neno kansere lilitamkwa mara ya kwanza, miezi kumi baada ya mstari wangu wa kwanza.

Uvimbe wa kibofu hauthibitishwi kwa ekografia peke yake. Lazima mganga apitishe kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo mpaka ndani, auone, kisha akate kipande. Kifaa hicho, sistoskopi, si maajabu ya juzi; waganga wa Ulaya walianza kukitumia mwishoni mwa karne ya 19. Hospitali ya kwanza tuliyoelekezwa ilikuwa nacho. Kilikuwa kwenye kabati lake, kizima, isipokuwa taa. Taa ilikuwa imeungua na hakuna aliyejua nani anapaswa kuinunua. Tulingoja wiki tano, kisha tukaenda kwingine na kulipa upya kila kitu kuanzia karatasi ya kuingia.

Sasa niwaeleze kuhusu chupa, kwa maana hiyo haitoki kichwani mwangu.

Mganga alipomaliza kukata, msaidizi alitoka chumba cha upasuaji akaniita. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya mayonezi iliyooshwa, karatasi bado imebandikwa nusu. Ndani yake kulikuwa na vipande vitatu vidogo, vya rangi ya waridi, kama nyuzi za nyama, vinaelea kwenye maji. Akaniambia niipeleke labo mimi mwenyewe, upande mwingine wa mji. Nikaishika magotini ndani ya taksi, nimeifunika kwa kitambaa cha kichwa, na kila shimo la barabara liliponiyumbisha niliibana kwa mikono miwili. Nilipofika, mtu wa labo aliifungua, akanusa, akatazama chini. Ilikuwa serumu ya chumvi. Haikuwa formoli. Kipande cha mwili kisipowekwa kwenye formoli kinaanza kuoza ndani ya saa chache, na joto la mwezi wa kumi mnalijua. Walijaribu. Jibu lilitoka baada ya wiki nne: hakiwezi kusomeka.

Formoli ni bidhaa ya bei ndogo mno, hata vyuo vinahifadhia vyura. Kwa kukosa vijiko vichache vya formoli, mzee alirudishwa kwenye chumba cha upasuaji, akachomwa sindano ya mgongo mara ya pili, akakatwa mara ya pili.

Jibu la pili lilisomeka. Kansere ilikuwa imeingia kwenye msuli wa kibofu. Naomba niliweke hili kwa lugha nyepesi, kwa sababu ndipo uhai wa mtu unapoamuliwa. Ukuta wa kibofu una ngozi laini ya ndani, na chini yake kuna msuli. Uvimbe ukiwa bado kwenye ngozi ya ndani, mganga anaukwangua kupitia njia ile ile ya mkojo, bila kupasua tumbo, na mgonjwa anatembea kwa miguu yake baada ya siku chache. Kwa aina zinazopenda kurudi, kibofu kinawekwa dawa. Mojawapo ni BCG. Ndiyo, BCG ile ile ninayowachanja watoto wachanga, ila kwa kipimo kikubwa zaidi na inamiminwa kwa mpira moja kwa moja ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Daktari Alvaro Morales na wenzake wa Kanada waliandika juu yake mwaka 1976. Ni karibu miaka hamsini sasa. Lakini ikishaingia kwenye msuli, habari inabadilika: ni kuondoa kibofu kizima na mkojo kutokea tumboni kwenye pochi, au miali, yaani mionzi ya kuua kansere, pamoja na dawa kali za mishipani. Ndiyo maana kipande kinachokatwa lazima kiwe na msuli ndani yake. Bila msuli, labo haiwezi kusema kansere imeshuka hadi wapi, na mganga anatibu akiwa gizani.

Tuliambiwa miali tuifuate Zambia, kwenye hospitali ya kansere ya Lusaka iliyofunguliwa mwaka 2007. Familia ilikaa kikao. Parseli ya Ruashi, yaani kiwanja, ikauzwa. Watu wa Lubumbashi wanaujua mpaka wa Kasumbalesa kwa unga, kwa mafuta ya kupikia, kwa malori ya shaba yaliyopanga foleni ya kilomita nyingi. Sisi tuliupita na mgonjwa amelala kiti cha nyuma, mpira wa mkojo mguuni. Kule walimpima damu. Uvimbe ulikuwa umebana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, na figo zilikuwa zimeanza kufa. Ile dawa kuu ya mishipani, sisplatini, inahitaji figo nzima kwa sababu yenyewe inazichosha. Kwa mjomba haikuwezekana. Kila mlango tuliofika tuliukuta umefungwa, na kila mmoja ulikuwa wazi miezi michache nyuma.

Alifia nyumbani Katuba, mwezi wa pili. Wiki zake tatu za mwisho alikuwa na maumivu ya mifupa ya kiuno, na nilikuwa na parasetamoli na tramadoli. Alikuwa anauma kona ya shuka ili watoto wasisikie. Mofini ya kunywa ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, inachanganywa na maji kutoka kwenye unga. Jirani zetu wa Uganda waliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika. Mimi nina miaka kumi na saba kazini na sijawahi kuishika.

Si wanaume wazee peke yao. Mama anapokuja na damu kwenye mkojo tunamuuliza kama yuko kwenye siku zake, tunampa dawa ya maambukizi, na ndiyo maana kina mama huchelewa kugunduliwa kuliko wanaume. Na kuna watoto. Kuna uvimbe wa figo unaowapata walio chini ya miaka mitano, na anayeugundua si daktari. Ni mama anayemwosha mtoto jioni kwenye beseni, akasikia chini ya sabuni kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Anamleta. Sisi tunagusa na kusema ni bandama, ni malaria ya muda mrefu, au ni minyoo. Kila mmoja anagusa tena, wakati uvimbe huo haufai kuminywaminywa, unaweza kupasuka. Kwenye nchi tajiri watoto takriban tisa kati ya kumi wenye uvimbe huu wanapona, na dawa zinazotangulia upasuaji, vinkristini na aktinomisini, ni za miaka mingi sana. Ekografia moja ndani ya wiki hiyo hiyo inatosha kuanzisha safari. Mwaka jana nilimpeleka mtoto mmoja siku ile ile, nikapiga simu mbele ya mama yake mpaka wakampokea. Nilimpeleka kwa sababu ya mjomba, si kwa sababu kuna karatasi iliyoniamuru.

Mtaniuliza kwa nini Haut-Katanga ijali ugonjwa huu kuliko jimbo lingine. Sababu za kansere ya kibofu zinajulikana. Ya kwanza ni sigara: sumu zake zinachujwa na figo na kukaa ndani ya kibofu saa nzima nzima. Nyingine ni kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake yanajichimbia ukutani mwa kibofu kwa miaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikiweka mwaka 1994 kati ya visababishi vya hakika, na wengi wetu tunaoishi hapa tulikulia kando ya mito kabla ya kuja kutafuta kazi mjini. Kisha kuna arseniki kwenye maji ya kunywa. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita tatu kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti, arseniki, kadimi, risasi na urani nyingi kuliko walioishi mbali. Utafiti ule ulipima sumu, haukupima kansere, nami sitaupakazia neno ambalo haukusema. Lakini mkojo wetu ulishapimwa na jibu lake likasomwa dunia nzima. Aliyekojoa damu kwenye jimbo hili anastahili kuulizwa alifanya kazi wapi na kisima chake kiko wapi. Mjomba alikaa miaka ishirini na sita kwenye moto wa tanuri. Hakuna aliyemuuliza, nikiwemo mimi.

Fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini zinayochimba, inawapa watawala wa maeneo yenye migodi asilimia 15, na inaidai kila kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Kobalti, kwa kuwa imetangazwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ni asilimia 10. Nimeona fedha hizo zikijenga vibaraza na kupaka rangi shule. Ni vizuri. Taa ya sistoskopi haifiki bei ya geti la shule. Na ibara ya 47 ya Katiba inasema haki ya afya inadhaminiwa.

Ninachowaomba ni hiki. Toeni waraka wa ukurasa mmoja, wenye saini, ubandikwe ukutani katika kila kituo cha afya cha jimbo: mtu wa miaka 40 na zaidi anayeona damu katika mkojo, na si malaria inayogeuza mkojo kuwa mweusi, apimwe kwa bandeleti; na kama hakuna dalili ya maambukizi, au kama damu imerudi baada ya dawa ya mara moja, apelekwe kwa ekografia na sistoskopi hata kama leo mkojo ni safi. Hasa kama leo mkojo ni safi. Uingereza wanafanya hivyo kuanzia miaka 45. Mimi nasema 40 kwa sababu watu wetu wanaanza kazi za vumbi na moto wakiwa vijana sana. Waraka huo unipe mimi, muuguzi wa Katuba, nguvu ya kumwambia mgonjwa anayetabasamu kwamba bado hajapona, na umlazimishe anayempokea ampokee. Bandeleti ziletwe pamoja na vipimo vya malaria, katoni ile ile, gari lile lile.

Chagueni hospitali moja ya umma mjini, moja tu kwa kuanzia, iwe na sistoskopi inayofanya kazi, taa mbili za akiba, na jina la mtu anayewajibika kuzibadilisha. Bei ibandikwe mlangoni na iwe moja: kukata, chupa ya formoli, usafiri wa kipande mpaka labo na kusomwa kwake, vyote ndani ya fakitire, yaani ankara, hiyo hiyo. Familia isipewe tena chupa ya mayonezi. Kipande hicho ni mali ya tiba, kibebwe na watu wa tiba. Mwongezeeni mganga wa labo vijana wa kujifunza kwake, kwa sababu Kitivo cha Tiba kipo hapa hapa na wanafunzi wapo. Na mofini: fungueni njia ya kisheria ili ifike mpaka vituoni, chini ya kufuli, na wauguzi wafundishwe kuitoa.

Mpango wa kujifungua bure ulipoanza Kinshasa mwezi wa tisa 2023, wengi walisema hauwezekani. Sasa akina mama wanaudai kama haki yao, na wana haki. Sidai kansere yote itibiwe bure kesho. Naomba ile safari kutoka chupa ya kwanza ya mkojo mpaka jibu la labo isizidi mwezi mmoja. Ya mjomba ilichukua miezi kumi na tatu.

Nipo kituoni kila siku ya kazi kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Daftari liko kabatini, rafu ya pili, jalada la bluu lililochanika kona. Mkimtuma mtu, nitamwonyesha kurasa zote tatu. Nimeanza pia kupitia madaftari ya miaka mitano iliyopita, jioni baada ya kazi, nikitafuta wengine walioandikiwa damu katika mkojo zaidi ya mara moja. Nikipata anayeishi bado, ninakwenda kumgongea mlango.

Kwa heshima,

Muuguzi wa Katuba, Lubumbashi